‘Murder Mystery 2’: Wapelelezi waliofungua ofisi na wahakiki waliogawanyika

FILAMU ya ‘Murder Mystery 2’, ambayo kampuni ya Netflix iliitoa kwenye intaneti mnamo Machi 31, 2023, ni mwendelezo wa kisa cha upelelezi chenye vichekesho kilichoanza mwaka 2019. Adam Sandler na Jennifer Aniston wanarejea wakiwa Nick na Audrey Spitz, mume na mke wa New York. Safari hii wawili hao si watalii waliojikuta katikati ya mauaji, bali ni wapelelezi wa kibinafsi walioziacha kazi zao za awali wakafungua ofisi. Mwelekezi ni Jeremy Garelick, aliyechukua nafasi ya Kyle Newacheck wa filamu ya kwanza, na hadithi zote mbili ziliandikwa na James Vanderbilt.

Kazi hiyo iliibua hisia mseto. Wahakiki wengi waliikosoa, wachache wakaitetea, nao watazamaji wakaipandisha hadi kileleni mwa orodha ya filamu za Kiingereza za Netflix katika wiki yake ya kwanza. Na kwa kuwa ilitolewa moja kwa moja kwenye intaneti, mkazi wa Riruta Satellite jijini Nairobi mwenye simu na bando aliweza kuitazama siku ile ile ilipotazamwa Los Angeles. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Filamu ya Marekani ilichukua miezi kufika katikati ya jiji, na muda mrefu zaidi kufika Kawangware na Kibera, tena ikiwa kwenye kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata nyuso zikawa hazitambulikani.

Ili kuelewa walichogombania wahakiki, ni sharti kurudi kwenye filamu ya kwanza, iliyotolewa Juni 14, 2019. Humo Nick ni polisi wa kawaida ambaye kila anapoufanya mtihani wa kupandishwa cheo kuwa mpelelezi anaanguka, na aibu hiyo anamficha mkewe. Audrey ni msusi anayependa kusoma riwaya za mauaji. Wanafunga safari ya Ulaya ambayo mume aliiahidi tangu siku ya harusi, miaka 15 iliyopita, na wakiwa ndani ya ndege mke anafahamiana na tajiri Charles Cavendish (Luke Evans), anayewaalika katika jahazi la anasa la mjomba wake, bilionea Malcolm Quince (Terence Stamp). Usiku taa zinazimika. Zinapowaka, mzee amekwisha kuchomwa kisu, kila mgeni ana sababu ya kumtakia mauti, na inspekta Mfaransa anawashuku Wamarekani wawili ambao hakuna aliyewajua jana yake.

Mtego huo ni wa kale. Agatha Christie aliutumia mara nyingi: watu wenye mali, mahali pamoja pasipo na njia ya kutokea, na maiti moja sakafuni. Kilichokuwa kipya ni kuwatia humo watu wasiostahili kabisa kuwamo. Audrey alijua kanuni za mauaji kwa sababu alizisoma vitabuni, Nick alizijua nusu nusu kwa sababu alifeli mtihani, na vicheko vilitokana na pengo lililokuwapo kati ya wawili hao na kazi waliyolazimika kuifanya. Wahakiki hawakuipenda sana hata hiyo. Hata hivyo Netflix ilitangaza kwamba akaunti zipatazo milioni 30.9 ziliitazama katika siku 3 za kwanza. Takwimu hiyo ipokewe kwa tahadhari, maana wakati huo kampuni ilimhesabu mtazamaji aliyefika asilimia 70 ya filamu, na baadaye ikabadilisha kipimo na kuanza kuhesabu saa. Filamu hizo mbili, kwa hiyo, haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Mwendelezo unaanza miaka 4 baadaye. Ofisi ya Spitz ipo, ila fedha hazipo. Audrey anataka wasome na kupata cheti cha upelelezi, Nick anaona kusoma ni kupoteza wakati, na ndoa inaanza kuingiwa na ufa wa biashara. Wakiwa katika hali hiyo wanaalikwa na rafiki waliyempata katika kisa cha kwanza, Maharaja Vikram (Adeel Akhtar), kwenye harusi yake na Claudette (Mélanie Laurent) katika kisiwa chake cha binafsi. Msafara wa harusi unawasili kwa ngoma na ndovu, lakini badala ya bwana harusi kinachoonekana ni maiti. Maharaja ametekwa nyara, na watekaji wanadai mamilioni ya dola. Hapo anatokea Connor Miller (Mark Strong), jasusi wa zamani wa Uingereza ambaye ndiye mwandishi wa kitabu anachokisoma Audrey, na msako unahamia Paris hadi juu ya Mnara wa Eiffel. Mtekaji hatatajwa hapa, kwani wapo ambao bado hawajaitazama.

Filamu yenyewe ni fupi, ya takriban saa moja na nusu, na ilipigwa katika visiwa vya Hawaii na jijini Paris mwaka 2022.

Katika tovuti ya Rotten Tomatoes, inayokusanya maoni ya wahakiki, chini ya nusu yao waliipa alama ya kuridhisha, hali ambayo ndiyo iliyoipata filamu ya kwanza. Lawama zenyewe, hata hivyo, hazikufanana. Mwaka 2019 ilisemwa kwamba fumbo lilikuwa jepesi. Mwaka 2023 ilisemwa kwamba fumbo halikuwapo kabisa, limefukuzwa na magari yanayokimbizana, mapigano ndani ya gari barabarani na milipuko. Waliotetea walitaja jambo moja karibu wote, yaani mapatano ya Sandler na Aniston. Wawili hao walikuwa wamewahi kuigiza pamoja katika ‘Just Go With It’ ya mwaka 2011, na wanapobishana hubishana kama watu walioishi nyumba moja muda mrefu. Hoja hiyo ni ya kweli. Mandhari ya harusi yakiondolewa, mabishano ya wawili hao ndiyo yanayobaki kuwa kitu cha kutazama.

Lakini kasoro kubwa ya mwendelezo huu haiko kwenye magari. Iko kwenye ile ofisi. Mhusika aliyeingia katika upelelezi kwa ajali akishapewa kazi hiyo kuwa ajira, ule ugeni uliomfanya apendwe unakwisha, na ni lazima uletwe mwingine wa kuziba nafasi yake. Mwandishi alijua hivyo, ndiyo maana akatia ugomvi wa cheti. Alichosahau ni mteja. Hakuna anayebisha hodi katika ofisi ya Spitz na kisa kinachomuuma. Wanakwenda karamuni kwa rafiki tajiri, na balaa linawakuta huko kama lilivyowakuta mara ya kwanza. Basi ofisi ilifunguliwa ya nini?

Swali hilo lina uzito kwa sababu miezi michache tu kabla, kampuni ile ile ilitoa miendelezo mingine miwili ya aina hiyo. ‘Enola Holmes 2’, ya Novemba 2022, inaanza kwa namna inayokaribiana sana: binti aliyempata mama yake katika filamu ya kwanza sasa amefungua shirika lake la upelelezi jijini London, na hakuna anayemtaka kwa sababu ni msichana mdogo na kaka yake ni Sherlock Holmes. Anapokaribia kufunga milango, anaingia mtoto anayefanya kazi katika kiwanda cha viberiti akimtafuta dada yake aliyepotea. Kisa kinaelekea kwenye tukio la kihistoria, mgomo wa wasichana wa kiwanda cha Bryant & May mwaka 1888, na wahakiki wengi waliipokea vyema. Mteja mmoja maskini aliitosheleza ofisi nzima.

‘Glass Onion’, iliyoonyeshwa sinemani kwa wiki moja Novemba 2022 kisha ikaingia Netflix Desemba 23, haikuwa na tatizo hilo tangu mwanzo. Benoit Blanc, anayeigizwa na Daniel Craig, alikuwa mpelelezi wa kibinafsi tayari katika ‘Knives Out’ ya 2019. Mwelekezi Rian Johnson alimwacha yeye vile vile na kubadilisha kila kitu kilichomzunguka, na wahakiki wengi wakaisifu. Filamu ya tatu, ‘Wake Up Dead Man’, ilifuata mwaka 2025.

Wanaokumbuka mbali zaidi watamtaja J.J. Gittes. ‘Chinatown’ ya mwaka 1974 huhesabiwa miongoni mwa filamu bora kabisa za upelelezi, lakini mwendelezo wake, ‘The Two Jakes’, ulichukua miaka 16 kufika. Jack Nicholson aliuelekeza mwenyewe mwaka 1990 huku akiigiza. Baadhi ya wahakiki waliusifu kwa utulivu wake, wengine wakalalamika kwamba ulimtaka mtazamaji akumbuke kila jambo la filamu ya kwanza. Fedha hazikuingia, na sehemu ya tatu iliyokusudiwa haikutengenezwa.

Jambo moja ambalo halikuzungumzwa vya kutosha katika mabishano ya ‘Murder Mystery 2’ linahusu Waafrika walio ndani yake. Miongoni mwa washukiwa wa filamu zote mbili yumo Kanali Ulenga, askari mwenye nishani kifuani aliyepoteza jicho na mkono katika kumlinda yule bilionea. Mwili wake uliopungua unafanyiwa mzaha, na hilo ndilo karibu pato lake lote katika hadithi. Katika mwendelezo ameongezwa pia mwanamke wa ukoo wa kifahari aitwaye Countess Sekou, anayeigizwa na Jodie Turner-Smith. Anayelifahamu jina la Ahmed Sékou Touré, rais wa kwanza wa Guinea, atajua kwamba Sékou katika Afrika Magharibi ni jina la mwanamume, wala si la ukoo wa Ulaya. Waandishi wa Hollywood wakitaka mtu mweusi mwenye cheo, aghalabu huokota jina la kwanza lililo karibu.

Anayemwigiza kanali huyo ni John Kani wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1943 katika mtaa wa New Brighton, Port Elizabeth. Yeye, Winston Ntshona na Athol Fugard walitunga tamthilia za ‘Sizwe Banzi Is Dead’ na ‘The Island’, na mwaka 1975 Kani na Ntshona wakatunukiwa tuzo ya Tony huko Marekani. Enzi za ubaguzi wa rangi alipigwa na polisi hadi akapoteza jicho lake la kushoto. Mwaka 1987 aliigiza Othello katika ukumbi wa Market jijini Johannesburg, Mwafrika akimshika mkono mke mzungu jukwaani, jambo lililowakera wengi nchini humo. Watazamaji wa leo wanamfahamu zaidi kama Mfalme T’Chaka, babake Black Panther, ambaye ndiye aliyependekeza kwamba watu wa Wakanda wazungumze Kixhosa, na kama sauti ya Rafiki katika ‘The Lion King’ ya mwaka 2019, mhusika mwenye jina la Kiswahili.

Mtu wa namna hiyo anapopewa nafasi ya askari mwenye jicho moja ili watu wacheke, si lazima iwe ni matusi, na Kani mwenyewe anaicheza kwa uso mkavu unaowashinda wenzake kwa ucheshi. Ila inaonyesha jinsi utajiri wa kipaji unavyoweza kukaa pembeni mwa hadithi ya watu wengine kwa filamu mbili mfululizo bila mtu kumuuliza ana habari gani. Wapelelezi Spitz wanamshuku, wanamwondolea shaka, na kuendelea na safari.

Upande wa utazamaji, Nairobi ilikuwa na hali yake. Kuanzia Septemba 2021 Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android mpango wa kutazama sehemu ya filamu zake bila malipo. Mpango huo ulifutwa Novemba 1, 2023, miezi 7 baada ya filamu hii kutoka. Lakini simu siyo njia pekee. Riruta Satellite iko kando ya Barabara ya Naivasha, Kawangware ikiwa jirani yake, na ukivuka Barabara ya Ngong unaelekea Kibera. Katika mitaa hiyo yote mtu huenda katika duka la filamu na kujaziwa flashi kwa shilingi chache, biashara ambayo sheria ya hakimiliki haiiruhusu, na wapo wanaokaa katika vibanda vya video, mabenchi yakiwa yamepangwa mbele ya runinga moja, ambako jioni za wikendi mpira wa Uingereza huipokonya filamu nafasi.

Kibandani, fumbo la upelelezi lina shida. Dalili za muuaji hufichwa katika maneno: neno moja lililoteleza, jibu lililokuja haraka mno. Maneno hayo yako katika Kiingereza cha New York, yanasemwa upesi, huku nje makanga akiita abiria. Kwa sababu hiyo kukatokea wasimulizi wanaoziondoa sauti za wahusika na kuweka zao. Nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, aliyejipatia jina kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili na Sheng, hasa zile za mapigano. Tanzania ilikuwa na Lufufu, nayo Uganda ina wasimulizi wake waitwao VJ. Msimulizi humjua muuaji tangu mwanzo, na ni kazi ngumu kunyamaza nalo huku umati ukimtaka aeleze kila kitu. Filamu ya ngumi haina taabu hiyo. Anayepigwa anaonekana.

Hapo ndipo hukumu ya wahakiki na hali ya soko zinapopishana. Netflix inauza filamu moja katika nchi zaidi ya 190, na magari yanayokimbizana barabarani Paris hayahitaji tafsiri, ilhali mzaha wa mume na mke juu ya cheti unaihitaji. Yale yale yaliyowaudhi wahakiki ndiyo yanayoivusha filamu mipaka ya lugha. Si sifa kwa mwandishi aliyewahi kuandika ‘Zodiac’ ya mwaka 2007, filamu ya upelelezi iliyotegemea subira na karatasi za ushahidi, lakini ni maelezo.

Fasihi ya Kiswahili nayo imepitia jaribio la sehemu ya pili. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa ‘Mzimu wa Watu wa Kale’, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960 na kumleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, pamoja na rafiki yake Najum. ‘Kisima cha Giningi’ kilifuata mwaka 1968, kisha vingine hadi ‘Kosa la Bwana Msa’ cha mwaka 1984. Wasomaji walivipenda. Wahakiki, kama kawaida yao, waligawanyika: walisifu lugha, wakalalamika kwamba Bwana Msa aliendelea kuishi katika Unguja ya kale hata baada ya Mapinduzi ya 1964 kuigeuza juu chini. Mafumbo yalibadilika, mji haukubadilika.

Mũkoma wa Ngũgĩ alichukua njia tofauti, ingawa kwa Kiingereza. Katika riwaya ya ‘Nairobi Heat’, iliyotoka mwaka 2009, Ishmael ni polisi mweusi wa Marekani anayefuata kesi hadi Nairobi na kushirikiana na mpelelezi Mkenya aitwaye O. Katika mwendelezo, ‘Black Star Nairobi’ wa mwaka 2013, wawili hao wamefungua shirika lao la upelelezi, hatua ile ile waliyoichukua Nick na Audrey miaka 10 baadaye. Kitabu hicho kina kasoro: kimebeba mambo mengi, kutoka bomu la hotelini hadi safari za ng’ambo, na pengine msomaji hupoteza uzi. Lakini ofisi yao haikosi kazi. Maiti inapatikana katika Msitu wa Ngong, usio mbali na Kibera na Riruta, na wakati ni Desemba 2007, uchaguzi ukikaribia.

Yaliyofuata uchaguzi huo hayakuwa ya kubuni. Huko Kibera reli ya kwenda Uganda iling’olewa, Kawangware ikagawanyika kwa makabila, na tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ikahesabu watu 1,133 waliouawa kote nchini. Jaji huyo aliyatia majina ya washukiwa wakuu katika bahasha na kumkabidhi Kofi Annan. Kesi zilizofunguliwa The Hague zilikwisha Aprili 2016 bila mtu yeyote kuhukumiwa kwa mauaji hayo.